Anahesabu Hadi Kumi, Lakini Tatu Ni Ngapi?

Mgeni akifika, mtoto wa miaka mitatu huitwa sebuleni. "Haya, mhesabie shangazi." Anashusha moja hadi kumi kwa pumzi moja, anapigiwa makofi. Sasa mtume huyohuyo jikoni akuletee vitunguu vitatu. Mara nyingi atarudi na vyote vilivyoenea mikononi. Muulize ni vingapi, atavihesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano. Muulize tena, "Kwa hiyo ni vingapi?" Anaanza upya, moja, mbili.

Si mzito wa akili. Alichonacho ni wimbo, na wimbo si idadi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtafiti wa Marekani, Karen Wynn, alionyesha kwamba watoto huielewa moja kwanza, baadaye mbili, kisha tatu, na kati ya hatua hizo huweza kupita miezi, ingawa mdomoni wamekwisha kufika kumi siku nyingi.

Wanaovuka mapema wamesikia nini nyumbani? Susan Levine na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walirekodi familia 44 zenye watoto wa kati ya miezi 14 na 30. Katika jumla ya saa 7.5 za kila familia, kuna mzazi aliyetamka maneno ya namba mara 4 tu, na kuna aliyetamka mara 257. Waliosikia zaidi ndio waliojua zaidi maana ya namba walipokaribia miaka minne. Baadaye ikaonekana kwamba kilichosaidia hasa ni kuhesabu vitu vilivyopo mbele ya mtoto, hasa mafungu ya vinne hadi kumi.

Sisi tunaofundisha kwa Kiswahili tuna jambo letu la ziada. Mtoto ameimba "mbili", lakini kwenye maisha anakutana na viazi viwili, machungwa mawili, watoto wawili, miwa miwili. Ni neno lilelile limebadili nguo, na hakuna aliyemwambia. Sita, saba na tisa, tulizozipokea kutoka Kiarabu, hazibadiliki. Kumi nayo imetulia. Basi usiishie kwenye namba kavu. Unapomenya viazi sema, "Kimoja, viwili, vitatu, vinne. Viazi vinne." Lile jina la mwisho ndilo kazi yenyewe: linamwambia kwamba neno la mwisho kuhesabiwa ni la fungu zima, si la kiazi cha mwisho. Cha nne ni kimoja, vinne ni vyote. Tofauti hiyo ndogo ya maneno huwasumbua hata wa darasa la kwanza.

Kwingine lugha inatubeba. "Kumi na moja" inajieleza yenyewe, tofauti na Kiingereza, ambacho kumi na moja yake inabidi ikaririwe tu. Ila tukifika ishirini, ile mbili imefichika, kwa hiyo ongezea: "Ishirini, makumi mawili."

Namba peke yake haitoshi. Sikiliza jinsi neno "kubwa" linavyotumika majumbani: kamba kubwa, mti mkubwa, mkeka mkubwa, kitabu kikubwa. Kamba ni ndefu, mkeka ni mpana, kitabu ni kinene. Na uji unakuwa kidogo, lakini maandazi yanakuwa machache; anayetofautisha hayo ameanza kutenganisha kinachopimwa na kinachohesabiwa. Sihitaji kadi za picha za bei ghali kwa haya (ninaulizwa kila mara). Kapu la sokoni linatosha. Na kama nyumbani mnaongea Kisukuma au Kidigo, hesabuni kwa hicho hicho. Maana ikishaingia, atahitaji tu kujifunza neno jingine la kitu anachokijua.

Sehemu ninayoipenda ni nusu na robo. Mtoto anatumwa dukani "robo ya sukari" miaka mingi kabla ya kujua robo ni nini. Mwonyeshe kwa chapati: ikate katikati, nusu mbili zilizo sawa, kata kila nusu katikati, robo nne. Hapo utasikia, "Mimi nipe nusu kubwa." Usimcheke, na watu wazima husema hivyohivyo. Mpe kisu cha plastiki akate yeye, kwa sharti kwamba mdogo wake ndiye atakayechagua kwanza. Mwangalie atakavyoipima kwa macho kabla kisu hakijaigusa chapati.