Norovirusi: kwa nini sanitaiza na Flagyl haziisaidii nyumba inayotapika

Kutapika kwa ghafla, kuhara majimaji, tumbo kusokota, kisha siku moja hadi tatu yameisha. Jijini Nairobi ugonjwa huu hupewa jina la "nimekula kitu kibaya" na habari inaishia hapo. Duniani, norovirusi, kirusi kinacholeta dalili hizi, hukadiriwa kuwaangusha watu milioni 685 kila mwaka, na 200 kati ya milioni hizo ni watoto wa chini ya miaka mitano.

"Nimepaka sanitaiza, mikono ni safi"

Spiriti iliyo kwenye sanitaiza huviua virusi vya korona kwa kuyeyusha utando wa mafuta unaovifunika. Norovirusi haina utando huo. Ina ganda gumu la protini ambalo spiriti hailiwezi vizuri. Dawa ni sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20. Sabuni haiui kirusi hiki: msuguano hukibandua, maji hukibeba. Kwa hiyo karai moja la kunawia wageni wote ni njia ya kugawana ugonjwa. Mimina maji kwa jagi, au tumia mtungi wenye mfereji. Chembe chini ya 100 zinatosha kumwangusha mtu, na gramu moja ya kinyesi cha mgonjwa yaweza kubeba mabilioni.

Lebo inayodai "huua norovirusi" pia isomwe kwa tahadhari. Norovirusi ya binadamu ilisumbua maabara kwa miongo mingi kwa kukataa kukuzwa, hadi 2016, kikosi cha Mary Estes katika Baylor College of Medicine, Marekani, kilipoikuza kwenye vipande vidogo vya utumbo vilivyooteshwa kutoka seli shina za binadamu. Kabla ya hapo dawa nyingi zilijaribiwa kwa virusi jamaa vya paka na panya, ambavyo haviathiriki sawasawa na cha binadamu.

"Matapishi ni ya kupanguswa tu, halafu unanyunyiza Jik (dawa ya klorini)"

Hapa ndipo nyumba nyingi hukosea. Majaribio ya mashine za kuiga kutapika yameonyesha matone yakiruka zaidi ya mita 3, kwa hiyo doa unaloliona ni sehemu tu ya uchafu. Na klorini ikikutana na uchafu huishia kwenye uchafu huo kabla haijamfikia mdudu.

Fuata mpangilio huu. Ondoa watu, fungua madirisha, vaa glavu. Funika matapishi kwa karatasi za shashi, kusanya kutoka nje kuelekea katikati, funga kwenye mfuko. Osha kwa sabuni na maji. Ndipo klorini iingie. Ikiwa chupa yako ni ya asilimia 3.5 (soma lebo, hutofautiana), sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 6 za maji hutoa takriban 5,000 ppm (sehemu za klorini kwa kila milioni), kipimo cha mahali palipotapikiwa au kuharishiwa. Kwa vitasa, swichi na choo, vijiko vikubwa 2 kwa lita moja ya maji hutoa takriban 1,000 ppm. Acha pakiwa palowevu angalau dakika 5. Changanya upya kila siku, maana nguvu hupungua. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi: hutoa gesi ya klorini.

Nguo zilizochafuka zisikung'utwe.

"Ni kile chakula cha saa mbili zilizopita"

Dalili huanza saa 12 hadi 48 baada ya kuambukizwa. Mwenye kibanda anayelaumiwa kwa mlo wa mchana huo huo pengine hana hatia. Vya kutiliwa shaka zaidi ni vile vinavyoshikwa kwa mkono na kuliwa bila kupikwa tena: kachumbari iliyojazwa kwenye smokie, tikiti maji lililokatwa, barafu. Friza haiui kirusi hiki. Kuchemsha huua: Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na hiyo yatosha. Yaache yatokote dakika 1.

"Chukua Flagyl"

Flagyl huua amiba na baadhi ya bakteria. Kwa virusi haifanyi lolote, na kichefuchefu chake kinaweza kuzidisha taabu. Kinachoua ni ukosefu wa maji mwilini. Koroga ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti. Mtoto akitapika, ngoja dakika 10, kisha mpe tena polepole kwa kijiko. Aliyetimiza miezi sita na anahara apewe zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14. Macho yakizama, mkojo ukikatika au akilegea, hospitali.

"Amepona, arudi jikoni"

Kirusi huendelea kutoka kwenye kinyesi wiki mbili au zaidi. Anayeshika chakula akae nje ya jikoni saa 48 baada ya dalili kukoma. Kibarua anayelipwa kwa siku hataweza bila mwajiri kukubali, basi apewe kazi isiyogusa chakula.

"Nimeshaugua, siwezi tena" na "mtoto alichanjwa"

Aina za norovirusi ni nyingi na kinga ya moja huenda isizuie nyingine. Chanjo ambayo watoto wa Kenya hupewa tangu 2014 ni ya rotavirusi. Ya norovirusi bado haijaidhinishwa.