Je, wajua makinikia ni nini, na kwa nini yalizua ugomvi mkubwa?

Machi 2017 Tanzania ilipiga marufuku kusafirisha makinikia nje, na makontena 277 yakazuiwa bandarini Dar es Salaam. Mitaani tuliyaita "mchanga wa dhahabu", na jina hilo lilitupotosha wengi, maana huo si mchanga uliochotwa shimoni ukapakiwa.

Kule kwenye mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, Halmashauri ya Msalala mkoani Shinyanga, sehemu kubwa ya dhahabu imejificha ndani ya madini ya shaba. Ukitumia sayanaidi, dawa ya kuyeyushia dhahabu iliyo ndani ya mwamba, peke yake, shaba nayo inaifyonza dawa hiyo na gharama inapaa. Kwa hiyo mwamba husagwa ukawa laini kama unga, ukachanganywa na maji na kemikali, kisha hewa ikapulizwa humo. Mapovu hupanda juu yamebeba chembe za shaba, dhahabu na fedha, na mawe yasiyo na faida hubaki chini. Povu hukusanywa, likakamuliwa maji. Unga unaobaki ndio makinikia. Kuyapata madini yake moja moja kunahitaji tanuri kubwa la kuyeyushia, linalokula umeme mwingi na lisilolipa bila shehena nyingi za kulilisha mwaka mzima. Ndiyo maana yalipandishwa meli.

Tatizo ni kwamba unga huo hausemi kitu kwa macho. Thamani yake hutoka maabara, na mrabaha, yaani malipo ambayo mchimbaji huipa serikali kwa madini anayouza, hukokotolewa kwa thamani hiyo. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma, iliyoundwa na rais kuchunguza makontena hayo, ilitangaza wastani wa gramu 1,400 za dhahabu kwa tani. Nyaraka za usafirishaji zilionyesha karibu gramu 200. Kampuni ya Acacia, iliyomiliki mgodi huo wakati ule, ilikana vikali. Kwangu mimi, pengo hilo ndilo lililouma kuliko asilimia yoyote ya kodi: mwenye mali na mchimbaji walikuwa hawakubaliani hata kilichomo ndani ya kontena.

Sheria zilibadilishwa Julai mwaka huohuo. Mrabaha wa dhahabu ulipanda kutoka asilimia 4 hadi 6, na serikali ikapewa hisa zisizopungua asilimia 16 bila kuzilipia. Barrick, kampuni ya Kanada iliyokuwa mwanahisa mkuu wa Acacia, ilinunua hisa zilizobaki mwaka 2019, na Januari 2020 ikatia saini makubaliano na serikali: dola milioni 300 za kumaliza mgogoro, na kampuni ya ubia, Twiga, yenye wajumbe wa serikali ndani ya bodi. Mwaka huo makinikia yakaruhusiwa kusafiri tena.