Breki ya utumbo: mafuta yakichelewa kumeng'enywa, shibe hukaa

Tone la mafuta likidondoka kwenye maji hujikunja duara na kuelea, halichanganyiki. Ndivyo mafuta ya chakula yanavyoingia kwenye utumbo mwembamba. Nyongo huyapasua yawe vitone vidogo mno, kisha lipasi, kimeng'enya kinachotoka kwenye kongosho, hung'ang'ania uso wa kila kitone na kuyakata mafuta yawe asidi za mafuta. Jambo hili ni la kushika, kwa sababu mengine yote yanategemea hapo: utumbo hauhisi tone la mafuta, unahisi asidi zilizokwisha kukatwa.

Asidi hizo, hasa zile ndefu zenye kaboni 12 au zaidi, zikigusa ukuta wa mwanzo wa utumbo mwembamba, seli za pale humwaga homoni iitwayo kolesistokinini. Homoni hiyo huminya kibofu cha nyongo, huchelewesha chakula kutoka tumboni, na kuigutusha neva ya vagasi ipeleke habari kwenye ubongo kwamba chakula kinatosha. Mwaka 1973, Gibbs, Young na Smith walionyesha kwamba panya waliodungwa homoni hii walikula kidogo kuliko kawaida. Nguvu yake lakini haidumu. Inakusaidia kuacha kula. Haikuzuii kuona njaa baadaye.

Kwa kawaida mafuta humalizika kufyonzwa mapema, kabla hayajafika mwisho wa utumbo mwembamba, sehemu inayoitwa ileamu. Umeng'enyaji ukipunguzwa kasi, sehemu ya mafuta husafiri mbali zaidi na kukatwa huko chini. Ileamu ina seli zake, nazo hutoa homoni za GLP-1 na PYY, zinazopunguza mwendo wa chakula tumboni na utumboni na kutuliza hamu ya kula. Hali hii ndiyo wataalamu huiita breki ya ileamu. Ilielezwa mwaka 1984, baada ya watu kutiliwa mafuta moja kwa moja ndani ya ileamu na mwendo wa utumbo wa juu ukapungua.

Wengi hukosea hapa, wakidhani kuchelewesha na kuzuia ni kitu kimoja. Dawa ya orlistati huzuia lipasi, hivyo karibu asilimia 30 ya mafuta ya chakula hupita bila kufyonzwa. Nishati inayoingia mwilini hupungua kweli, lakini asidi za kuamsha kolesistokinini nazo hupungua, na mlo wenye mafuta unaweza hata kutoka tumboni haraka zaidi. Kwa upande wa shibe, mafuta lazima yakatwe. Yakatwe polepole, lakini yakatwe.

Charlotte Erlanson-Albertsson wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, ameifuata njia hiyo ya polepole kwa kutumia thilakoidi, utando wa ndani ya majani mabichi ambamo mmea hunasia mwanga. Utando huo hujibandika juu ya vitone vya mafuta na kumbana lipasi kwa muda, kisha wenyewe humeng'enywa na kazi ikaendelea.

Lozi nzima hufanya jambo linalofanana na hilo bila dawa yoyote. Hata ukiitafuna vizuri, vipande vingi hubaki na seli zisizopasuka, mafuta yakiwa yamefungiwa ndani ya kuta zake. Lipasi haiyafikii kwa wepesi. Mengine hutoka taratibu njiani, na mengine hupita mpaka mwisho yakiwa bado ndani ya seli. Mafuta ya lozi hizohizo yakishakamuliwa hayana ukuta wa kuyachelewesha.