Kuonyeshwa pa Kujenga si Kupewa Shamba

Ukiingia mudzi, yaani boma la ukoo, wa Kigiriama kule Kaloleni, Pwani ya Kenya, nyumba zenyewe zinakusomea nasaba. Kila mke ana nyumba yake, na mwana wa kiume akioa hujenga karibu na babake. Binti huolewa akahamia kwa mumewe. Kwa Wadigo wa Kwale hesabu ni nyingine: zamani shamba lilifuata fuko, yaani ukoo wa upande wa mama, mpwa akamrithi mjomba wake, kisha urithi wa Kiislamu ukaupa nguvu upande wa baba. Njia hizo mbili bado hugongana, ndiyo maana shamba moja huweza kudaiwa na wana wa marehemu na wapwa wake pia.

Wanaojikwaa sana ni wale wa Mombasa mjini wanaokwenda kujenga kwao. Tuseme hati ina jina la babu aliyekwisha kufa. Ami anakuonyesha kipande, kuanzia mkorosho hadi mnazi wa tatu, nawe unapiga msingi. Ami akifariki, wanawe hawayajui makubaliano hayo, na hati ingali ya babu. Shahidi wako ni mnazi, nao wenyewe huenda una mwenyewe: Pwani, mti na ardhi huweza kuwa vya watu wawili tofauti. Ukate bila kuuliza uone. Nyumba ya fito, udongo na makuti ilisamehe makosa haya. Mkikosana, ulihamisha boriti zako. Ya mawe haihamishiki.

Kabla ya msingi, fanya upekuzi katika ofisi ya usajili wa ardhi ujue jina lililo kwenye hati. Ikiwa ni la marehemu, anzeni mirathi: barua ya chifu iwataje warithi wote, kisha mahakama, au kadhi kwa Waislamu. Mabinti walioolewa ndio huachwa nje ya barua hiyo, na ndio hurudi na pingamizi. Sheria ya Urithi, inayotumika tangu 1981, haimbagui binti kwa kuwa ameolewa. Kwa Waislamu, mke mwenye watoto hupata 1/8, na fungu la mwana wa kiume ni mara mbili ya la binti. Ombi la mahakamani likitangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali, kuna siku 30 za kupinga.

Shamba la kilimo haligawanywi bila idhini ya bodi ya ardhi. Baada ya idhini, mpimaji aweke alama za mipaka wanaukoo wakiwapo, na makaburi yaonyeshwe kwenye ramani pamoja na njia ya kuyafikia.