Injini kuchemsha na kumisi kwa kujirudia: maana yake na namna ya kusaka chanzo

Gari huchemsha pale injini inapozalisha joto kuliko mfumo wa kupoza unavyoweza kuliondoa. Likichemsha mara moja kwa sababu mpira wa maji umepasuka, mpira unabadilishwa na mambo yamekwisha. Kuchemsha kwa kujirudia ni habari nyingine. Umebadilisha themostati (vali inayofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta yakipata joto), umesafisha rejeta, umejaza kulanti (maji ya kupoza yenye dawa), gari likatulia siku chache, kisha mshale ukapanda tena. Na aghalabu gari la namna hiyo lina tatizo la pili: asubuhi linatetemeka na kumisi (silinda moja au zaidi inashindwa kuunguza mafuta yake), au linazimika likiwa la moto na kukataa kuwaka mpaka lipoe.

Wengi huyachukulia hayo kama maradhi mawili, moja la fundi rejeta na lingine la fundi umeme. Hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Moto wa plagi na maji ya kupoza vimetenganishwa na ukuta wa chuma na gasketi nyembamba tu, kwa hiyo hitilafu ya upande mmoja huonekana upande wa pili. Swali la kwanza kumuuliza mwenye gari ni kipi kilianza: joto au kumisi?

Petroli inapoungua, takribani theluthi moja tu ya nishati yake huwa kazi ya kuzungusha injini. Nyingine kama hiyo hutoka na moshi, na sehemu kubwa ya iliyobaki huchukuliwa na maji. Ndiyo maana hitilafu ndogo kwenye mzunguko wa maji hujulikana upesi. Themostati nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 82 na 92 za Selsiasi. Maji matupu huchemka kwenye nyuzi 100 usawa wa bahari, lakini mfuniko wa rejeta ukishika mgandamizo wa karibu bar 1, kiwango hicho hupanda hadi karibu nyuzi 120. Springi ya mfuniko ikilegea, mgandamizo unatoroka, maji yanachemka mapema na kumwagika, na injini isiyo na kosa lolote inaonekana mbovu. Mimi ningeanza na mfuniko kabla ya kufungua kitu kingine chochote, maana ni rahisi kuupima na ndio unaosahaulika zaidi.

Kisha angalia mshale unapanda lini. Gari likichemsha kwenye foleni na kupoa likianza kukimbia, shuku feni: mota yake, relei, fyuzi au sensa inayoiamuru. Likichemsha kwenye mwendo mkali au mlimani huku likiwa tulivu mjini, feni haihusiki sana, kwa kuwa upepo wa mwendo tayari unapita. Hapo shida ni maji kutopita ya kutosha: rejeta imeziba ndani, pampu ya maji ina mapanga yaliyoliwa, themostati haifunguki yote, au mpira wa chini unanyonywa na kubana injini ikizunguka kwa kasi. Huo wa mwisho hauonekani gari likiwa limezimwa. Mtu mmoja akanyage mafuta, mwingine autazame, mikono na nguo zikiwa mbali na feni na mikanda.

Tuje kwenye moto wa plagi. Plagi ikiwaka kwa kuchelewa, mafuta huendelea kuungua wakati vali ya kutolea moshi inafunguka, na joto lililopaswa kusukuma pistoni huishia kwenye kuta za njia ya moshi, kisha kwenye maji. Ikiwaka mapema mno, injini hunoki, yaani hugonga kwa ndani, na mshindo huo unaweza kuharibu pistoni na kuivunja gasketi ya silinda hedi (kichwa cha injini kinachofunika silinda). Kwenye magari ya zamani yenye distributa (kifaa kinachogawia plagi umeme) kosa hili hutokana na taimingi, yaani wakati wa kutoa cheche, iliyofungwa vibaya. Magari ya sasa hupangiwa taimingi na kompyuta, ila cheni au mkanda ukiruka jino, au sensa ikitoa taarifa ya uongo, kompyuta nayo hukosea. Silinda inayomisi haichemshi injini moja kwa moja, lakini petroli isiyoungua huenda kuungulia kwenye masega ya eksozi (kifaa cha kusafisha moshi). Masega yakiyeyuka na kuziba, moshi unakosa pa kutokea, gari linakosa nguvu na joto linapanda.

Njia ya kinyume nayo ipo. Koili (inayozalisha umeme wa plagi) na sensa ya kranki (inayoiambia kompyuta injini inavyozunguka) zinaweza kuwa na nyaya zinazokatika ndani zikipata joto na kugusana tena zikipoa. Gari la hivyo huzimika barabarani, husukumwa pembeni, na baada ya muda huwaka kama si lenyewe. Likifika gereji limepoa na kila kipimo kinasoma sawa. Lazima lipimwe pale pale linapokataa: plagi inatoa cheche? Pampu ya mafuta inasikika? Skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari) inaonyesha mizunguko ya injini wakati stata inazungusha? Cheche ikikosekana na mizunguko ikisoma sifuri, sensa ya kranki au nyaya zake ndizo za kuchunguzwa kwanza.

Mahali ambapo mambo haya mawili, moto na maji, yanakutana waziwazi ni gasketi ya silinda hedi. Ikipasuka kati ya silinda na njia ya maji, injini ikifanya kazi gesi ya moto husukumwa ndani ya maji, na ikizimwa maji hujipenyeza kwenye silinda usiku kucha. Asubuhi plagi imelowa, injini inamisi kwa muda mfupi na kutoa moshi mweupe usioisha haraka, halafu inatulia. Fungua plagi zote uzipange kwa mpangilio wa silinda zake. Kama tatu zina rangi ya kahawia au kijivu na moja ni safi mno, kaure yake nyeupe kana kwamba imesuguliwa, silinda hiyo imekuwa ikioshwa na mvuke. Jaribio jingine ni kuwasha injini iliyolala usiku kucha na kuushika mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu ndani ya dakika moja, wakati maji bado baridi, mgandamizo huo hautokani na joto. Uthibitisho ni kifaa chenye kimiminika cha bluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta iliyopoa: kwa injini ya petroli, rangi ikigeuka manjano, gesi ya silinda imo ndani ya maji. Ongeza kipimo cha kompresheni ujue ni silinda ipi.

Usitegemee mshale wa dashibodi peke yake. Kwenye magari mengi umetengenezwa ukae katikati hata joto linapobadilika kwa nyuzi kadhaa, na maji yakipungua sensa inaweza kubaki kwenye hewa na kusoma chini ya ukweli. Soma joto kwa skana gari likiwa linatembea. Kati ya misimbo ya hitilafu inayosomwa na skana, P0300 huashiria kumisi kusikotulia kwenye silinda moja maalumu, yaani kunakotokea kwenye silinda mbalimbali, P0301 ni silinda ya kwanza, na P0128 hutokea injini isipofikia joto lake, mara nyingi kwa themostati iliyokwama wazi au iliyotolewa. Kuitoa themostati si tiba. Inaficha dalili, na kompyuta inayodhani injini bado baridi huendelea kumwaga mafuta mengi. Mfuniko wa rejeta ya moto nao usiguswe: maji yaliyopita nyuzi 100 huruka mara mgandamizo unapoachiwa, na huunguza vibaya sana.

Gasketi ikibadilishwa na gari likarudi kuchemsha, mara nyingi silinda hedi haikupimwa. Joto huipinda, na kwa injini nyingi ruhusa ni sehemu ndogo tu ya milimita, mara nyingi chini ya 0.1. Iwekewe rula iliyonyooka na vipimo vya unene, ikaguliwe kama ina ufa, ichongwe ikibidi, na bolti zikazwe kwa nguvu na mpangilio wa mtengenezaji. Baada ya hapo hewa itolewe kwenye mzunguko wa maji hita ikiwa imefunguliwa, gari liendeshwe mpaka feni iwake na kuzima yenyewe, lipoe kabisa, kisha kiwango cha maji kiangaliwe tena.