Uniti za betri: maana ya kilowati-saa kwa anayetaka pikapu ya umeme

Ukinunua umeme wa LUKU wa shilingi 10,000 hapa Dodoma, simu inakuletea tokeni ya tarakimu 20 na idadi ya uniti: 28 na pointi kidogo, kama mwezi huo hujakatwa kodi ya jengo. Uniti hiyo, ambayo wapangaji wa nyumba moja huigombania kila mara mita inapoanza kulia, jina lake la kitaalamu ni kilowati-saa. Na kilowati-saa ndicho kipimo cha betri ya pikapu ya umeme. Ni kitu kile kile, hakuna tofauti yoyote. Pikapu yenye betri ya kilowati-saa 60 ina tumbo la uniti 60.

Nimeanza hapo kwa sababu ya mjomba wangu. Yeye hununua mahindi Kibaigwa na kuyauza mjini, na kwa miaka mingi amebeba mzigo kwa pikapu ya dizeli. Juzi alikuja nyumbani na picha ya pikapu ya umeme kwenye simu. "Mpwa wangu, wewe ni fundi wa umeme. Hii inakwenda kilomita ngapi?" Nikamwambia, mjomba, swali hilo tuliweke kando kwanza, tuulize ina uniti ngapi. Kilomita anazotangaza muuzaji zimepimwa kwenye njia ya muuzaji. Uniti ni zako, nawe unajua njia zako.

Kilowati moja ni wati 1,000. Pasi ya wati 1,000 ikifanya kazi saa nzima bila kupumzika imekula uniti moja. Birika la umeme la wati 2,000 linaimaliza uniti hiyo kwa nusu saa, na taa ya wati 10 itakaa nayo saa 100. Kwa hiyo uniti ni kiasi cha kazi ambayo umeme umefanya, haijalishi imefanywa haraka au taratibu.

Watu wengi hujikwaa hapa, wakachanganya kilowati na kilowati-saa. Anayeishi Dodoma na kungoja maji ya zamu hatapata shida kuelewa. Simtanki la lita 1,000 linakwambia maji yaliyomo ni kiasi gani. Bomba linalolijaza ni habari nyingine: likiwa nene linajaza kwa saa moja, likiwa jembamba unalala na kuamka bado halijafika nusu. Kilowati-saa ni lita zilizomo kwenye tanki. Kilowati ni unene wa bomba. Ukiona tangazo linasema gari lina "kilowati 150", hapo wanazungumzia nguvu ya mota au kasi ya kuchaji, hawajakwambia tanki lina ukubwa gani.

Sasa tuangalie matanki yenyewe. Isuzu D-Max ya umeme, iliyoonyeshwa Bangkok mwaka 2024, ina uniti 66.9. Toyota Hilux ya umeme iliyotoka mwishoni mwa 2025 ina 59.2. Kule Marekani wanapenda makubwa: Ford F-150 Lightning yenye betri kubwa ina uniti 131 zinazotumika, na Rivian R1T ya mwanzo ilikuwa na 135. Ukizichukua kilomita zilizotangazwa ukazigawa kwa namba hizo, unakuta jambo la kupendeza. Hilux inatangazwa kilomita 240 hivi, D-Max 263, Lightning 515. Zote zinaangukia mahali pamoja: uniti moja, kilomita nne. Pikapu kubwa inakwenda mbali zaidi kwa sababu tu tanki lake ni kubwa, siyo kwamba ina ubahili wa pekee. Kanuni hiyo ya kilomita nne ndiyo niliyomwandikia mjomba nyuma ya risiti, nikamwambia aitunze.

Ni kanuni ya gari tupu, au lenye mzigo mdogo, kwenye barabara tambarare na mwendo wa kiasi. Kuna mambo matatu yanayoivuruga.

La kwanza ni mwendo. Upinzani wa hewa haukui sawa na mwendo, unakua kwa mraba wake. Ukitoka kilomita 80 kwa saa kwenda 110, hewa inakusukuma nyuma kwa nguvu inayokaribia kuwa maradufu, na pikapu kwa umbo lake ni kama sanduku linalopasua upepo. Hata dizeli inaumia hapo, ila tanki la dizeli ni kubwa na dereva haoni.

La pili ni mzigo. Tani moja mgongoni inapunguza kilomita nne kuwa kama tatu. Hivyo ndivyo ninavyopiga hesabu mimi, na napendelea kukosea upande wa usalama. Tela ni mbaya zaidi, hasa tela refu linalokamata upepo. Wamarekani wengi waliovuta tela kubwa kwa pikapu hizi waliona umbali ukipungua karibu nusu.

La tatu ni mlima, na hapa betri ina tabia ambayo dizeli haina. Chukua safari ya Dodoma kwenda Iringa. Mji wetu uko kwenye mita kama 1,120 juu ya usawa wa bahari. Ukifika bwawa la Mtera umeshuka hadi karibu mita 700, halafu unapanda Nyang'oro mpaka Iringa, karibu mita 1,600. Kuinua pikapu ya tani mbili na nusu kwa mita 900 kunataka uniti sita, hata kabla ya kuhesabu msuguano wa barabara na hewa. Hizo ni kama kilomita 24 za tambarare zimemezwa na mlima. Lakini ukirudi, kwenye mteremko mota inageuka kuwa jenereta: badala ya kuchoma breki, gari linajizuia kwa kuzalisha umeme na kurudisha sehemu ya zile uniti kwenye betri. Hazirudi zote. Zikirudi zaidi ya nusu, dereva amefanya kazi nzuri. Hakuna pikapu ya dizeli iliyowahi kushuka Nyang'oro ikafika chini na mafuta mengi kuliko ilivyokuwa juu.

Mtu atauliza: mbona uniti 60 zinaonekana chache? Ni chache kweli. Lita moja ya dizeli ina nishati ya karibu kilowati-saa 10, maana yake betri nzima ya Hilux ya umeme imebeba nishati ya lita sita za dizeli. Lita sita! Injini ya dizeli, hata hivyo, hupoteza sehemu kubwa ya nishati hiyo kama joto. Ndilo lile unalolisikia ukifungua boneti. Pikapu ya dizeli inayokula lita 10 kwa kilomita 100 inachoma kilowati-saa 100 kufanya kazi ambayo ya umeme inaifanya kwa 25. Kwa hiyo betri ni tanki dogo sana linalohudumia injini isiyo na makuu. Nguvu yake na udhaifu wake vyote vimo humo.

Nilikaa na mjomba tukapiga hesabu ya Kibaigwa. Ni kama kilomita 90 kutoka mjini. Kwenda gari likiwa tupu, 90 kugawa kwa nne, uniti 22 na nusu. Kurudi na mahindi, 90 kugawa kwa tatu, uniti 30. Jumla 52 na nusu. Hilux ya umeme inarudi nyumbani na uniti zisizofika saba, D-Max inarudi na 14. Zote zinafika, ila sitamshauri mtu afanye biashara kwa kubakiza saba, maana kuna siku barabara itafungwa na utazungushwa njia ya vumbi. Halafu kuna jambo ambalo mjomba aliliona kabla yangu: Hilux hiyo imeruhusiwa mzigo wa kilo 715 hivi, na wewe dereva na mpakiaji wako mmo ndani ya hizo kilo. Hayo ni magunia sita, ukibana sana. D-Max inabeba tani moja. Betri yenyewe ni mzigo, na kila kilo ya betri imechukua nafasi ya kilo ya mahindi. Kwa mtu wa zabibu wa Hombolo, anayebeba kreti nyepesi umbali mfupi, hesabu ni tamu zaidi.

Nyumbani je? Betri ikiisha kabisa, hujazi 59.2 kwa uniti 59.2 za LUKU. Sehemu hupotea njiani kama joto kwenye chaja na nyaya, asilimia kama 10 hivi, basi tuseme uniti 66. Kwa bei ninayolipa mimi, takriban shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, hiyo ni shilingi 23,500. Safari yetu ya Kibaigwa peke yake itakula kama uniti 60 za LUKU, shilingi 21,400 hivi. Dizeli ya safari hiyo hiyo haipungui lita 18. Zidisha mwenyewe kwa bei ambayo EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hutangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi.

Ila kuna mtego, na nauonya kwa sauti kwa sababu najua wengi watauingia. Nyumba nyingi ziko kwenye kundi la watumiaji wadogo, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambao uniti yao ni shilingi 100 kabla ya kodi. Kuichaji pikapu mara moja tu kunakaribia kumaliza hizo 75. Ukinunua gari hili umeshatoka kwenye kundi hilo, na friji na taa zako nazo zitalipiwa bei ya juu pamoja na gari. Ingiza hilo kwenye hesabu.

Turudi kwenye unene wa bomba. Soketi ya kawaida ya ukutani inahimili kilowati mbili na ushei kwa kazi ya usiku kucha. Uniti 66 kwa bomba hilo ni saa 29. Chaja ya ukutani ya kilowati saba inamaliza kwa saa tisa: unachomeka ukirudi kutoka isha, unachomoa asubuhi. Tafadhali usikubali fundi akuchukulie waya wa chaja kutoka soketi ya jikoni. Inataka kebo yake nene, swichi yake ya kukata umeme, na waya wa ardhi uliopimwa. Nimeona soketi zilizoyeyuka kwa majiko ya umeme tu, na jiko halifanyi kazi saa tisa mfululizo. Chaja za haraka za barabarani zina bomba la kilowati 50 hadi 150 na zaidi, lakini betri ikifika asilimia 80 hupunguza kasi zenyewe. Ni kama kujaza gunia: debe la mwisho linaingia kwa kushindilia.

Umeme ukikatika usiku, gari haliharibiki. Linangoja, likirudi linaendelea. Na baadhi ya pikapu hizi zinaweza kugeuza mkondo: F-150 Lightning inatoa hadi kilowati 9.6 kwa vifaa vya nje. Nyumba inayotumia uniti tano kwa siku ingeweza kukaa na uniti 50 siku kumi. Jua letu nalo lisisahaulike. Paneli za kilowati tano juu ya bati la Nkuhungu zinaleta uniti 20 au zaidi siku ya jua kali, yaani kilomita 80 za gari tupu.

Angalia pia usiuziwe kitu kingine kwa jina hili. BYD Shark ni pikapu yenye injini ya petroli na betri ya uniti 29.58 inayochajiwa. Ni gari zuri kwa mtu wa safari ndefu, ila siyo pikapu ya umeme mtupu, na tanki lake la uniti ni nusu ya Hilux. Ukisikia mtu anasema "ya umeme", muulize uniti.

Na hapa kwetu wengi tutanunua zilizotumika, kwa hiyo kuna namba moja zaidi: afya ya betri, asilimia ya uniti za mwanzo zilizobaki. Betri huchakaa, na joto huiharakisha. Nissan Leaf za kwanza, zenye uniti 24 na betri isiyopozwa kwa maji, ziliwaletea wenye nazo malalamiko mapema kule Arizona mwaka 2012. Pikapu za sasa nyingi hupoza betri kwa maji, na Ford kwa mfano iliidhamini ya Lightning miaka minane au kilomita 160,000 isishuke chini ya asilimia 70. Namba hiyo husomwa kwa kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani, na muuzaji anayekataa isomwe, mwache na gari lake.

Mjomba aliniambia amepata mtu mwenye D-Max ya umeme iliyotumika, bei inaelekea vizuri, afya ya betri asilimia 80. Tukachukua ile risiti. Uniti 66.9 kwa asilimia 80 ni 53 na nusu. Kibaigwa na mahindi inataka 52 na nusu. Akaitazama ile moja iliyobaki, kilomita tatu za gari lenye mzigo, akakunja risiti akaiweka mfukoni.