Mwekezaji akiondoka, ardhi hairudi kijijini

Kazi yangu ni kufundisha serikali za vijiji sheria za ardhi, na kila ninapofika kijiji kinachotarajia mwekezaji, swali la kwanza huwa la fidia: tutalipwa shilingi ngapi kwa ekari? Nalielewa. Mtu mwenye mtoto wa kupeleka sekondari hawezi kuacha kuuliza. Lakini kuna swali lingine ambalo mara nyingi nalazimika kuliuliza mimi: ardhi hii ikishatoka, itakuwa ya nani?

Tanzania ina makundi matatu ya ardhi: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Ardhi ya vijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Halmashauri hiyo haigawi hata kipande bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Mwekezaji wa kigeni hawezi kumilikishwa ardhi ya kijiji. Ili aipate, lazima kwanza ihaulishwe, iondolewe kwenye kundi la ardhi ya vijiji na kuingizwa kwenye ardhi ya jumla. Baada ya hapo ndipo anapewa haki ya kuitumia kupitia mamlaka ya serikali inayoshughulikia uwekezaji (zamani Kituo cha Uwekezaji).

Uhaulishaji ndio mlango, na kwa kawaida mlango huo unafunguka upande mmoja tu. Ardhi ikishaingia kwenye ardhi ya jumla, kijiji si msimamizi wake tena. Mwekezaji akifilisika, akiuza kampuni au akiamua tu kurudi kwao, hakuna kifungu kinachosema ardhi irudi yenyewe kijijini. Inabaki ya jumla, ikisubiri mwekezaji mwingine.

Hayo yalitokea wakati wa pupa ya mbono kaburi, mmea ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta, miaka ile bei ya mafuta duniani ilipopanda na Ulaya ikatafuta mafuta ya mimea. Wilayani Kilwa, kampuni ya Kiholanzi ya BioShape ilipata takribani hekta 34,000 kutoka vijiji vinne, vikiwemo Mavuji na Migeregere. Sehemu kubwa ilikuwa msitu wa miombo ambamo watu walipata asali, dawa, kuni na miti ya kujengea. Kampuni ilipanda mbono kwenye sehemu ndogo sana, ikavuna magogo, na kufikia mwaka 2010 ilikuwa imefilisika. Kisarawe nako, Sun Biofuels ya Uingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 kwa mkataba wa miaka 99. Mwaka 2011 mradi ulikwama, mamia ya vibarua wakaachishwa kazi, na mradi ukauzwa kwa wengine. Wanavijiji walikuwa wameahidiwa maji, zahanati, barabara na ajira. Walichobaki nacho ni mpaka uliowatenga na vyanzo vya maji waliyoyachota miaka yote na makaburi ya wazee wao.

Jambo linaloniumiza zaidi ni kwamba wengi wa watu hao waliinua mikono wakiamini wanamkodishia mtu. Hakuna aliyewaambia kwa lugha nyepesi kwamba wanaiondoa ardhi yao kwenye ramani ya kijiji. Tena sheria inamtaka Kamishna wa Ardhi, au ofisa aliyempa idhini kwa maandishi, afike aeleze sababu za uhaulishaji na ajibu maswali. Kama ofisa hakufika, na aliyezungumza ni wakala wa kampuni akiwa na diwani, mkutano huo una kasoro kubwa ya kisheria.

Ndiyo maana nikifika kijijini naomba kwanza daftari la mihtasari. Kwa kawaida ni kaunta buku yenye jalada gumu, kona zimechakaa, inakaa kwenye kabati la mtendaji. Natafuta vitu vichache: agenda ilikuwa namba ngapi, nani waliuliza maswali, idadi ya waliohudhuria, na maneno yenyewe ya uamuzi. Nimewahi kukuta hoja ya maelfu ya hekta imeingizwa chini ya “mengineyo”, baada ya taarifa ya mapato na matumizi. Uamuzi wenyewe ulikuwa sentensi moja: wananchi kwa kauli moja wameridhia mwekezaji apewe eneo. Eneo lipi? Kutoka mto gani mpaka kilima gani? Hapakuwa na mipaka wala neno lolote la fidia. Orodha ya mahudhurio ilikuwa kwenye karatasi za pembeni, na majina kadhaa yaliyofuatana yalikuwa na saini za mwandiko mmoja.

Sheria ina kizingiti cha hekta 250, sawa na ekari 600 na ushee. Eneo likiwa chini ya hapo, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri, baada ya kuzingatia mapendekezo ya mkutano huo. Yaani kadiri eneo linavyokuwa kubwa, ndivyo sauti ya kijiji inavyopungua nguvu. Kwangu mimi hilo ni kosa la msingi katika sheria hii, na nitaendelea kulisema. Kijiji kinachoweza kuzuia shamba la hekta 200 kinabaki mshauri tu pale msitu wake mzima unapoombwa.

Halafu kuna hadithi ya “ardhi isiyotumika”. Sheria mbili zilizotungwa mwaka mmoja zinapishana hapa. Sheria ya Ardhi, Namba 4, inapofafanua ardhi ya jumla inajumuisha humo ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji haina maneno hayo. Kinyume chake, inatambua kuwa shamba lililopumzishwa, malisho na njia za kupitishia mifugo ni matumizi. Mkulima wa Kilwa anapoliacha shamba lipumzike miaka kadhaa ili udongo urudi nguvu, analitumia. Lakini mgeni akipita na gari anaona pori, na kwenye maombi yake pori hilo linaandikwa eneo wazi.

Haya yangeweza kuzuiwa mapema. Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi, iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji, ilizunguka nchi nzima ikisikiliza wananchi na kutoa ripoti mwaka 1992. Ilipendekeza ardhi ya vijiji iwekwe mikononi mwa mikutano mikuu ya vijiji yenyewe. Serikali haikulikubali hilo. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 ikaacha ardhi yote chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi, na sheria za 1999 zikafuata njia hiyo.

Kuhusu fidia nitasema machache. Hailipwi kwa ardhi na mazao tu. Kuna posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi, na hasara ya faida. Aina yake, kiasi, namna na muda wa kulipa vinapaswa kukubaliwa kabla ardhi haijahaulishwa. Kilwa, asilimia 60 ya malipo ilibaki halmashauri ya wilaya na vijiji vikagawana 40, wakati msitu uliotoka ulikuwa wa vijiji. Uliza mapema fedha zinaingia akaunti ipi.

Ninachovishauri vijiji ni kujipanga kabla mgeni hajabisha hodi. Andaeni mpango wa matumizi ya ardhi, na msitu, malisho na vyanzo vya maji viingizwe kwenye rejista kama ardhi ya pamoja kwa uamuzi wa mkutano mkuu. Hapo hakuna atakayesema ni eneo wazi, kwa sababu matumizi yake yameandikwa na yamegongwa mhuri. Mwekezaji akija, mkutano uitwe kwa agenda hiyo peke yake, na tangazo libandikwe mapema mpaka kwenye vitongoji vya mbali. Kina mama wapewe nafasi ya kusema, kwa kuwa wao ndio wanaojua maji yanachotwa wapi na kuni zinaokotwa wapi. Mahudhurio yasainiwe hapo hapo ndani ya daftari. Uamuzi utaje mipaka kwa majina yanayojulikana na kila mtu, na useme kinagaubaga kijiji kinataka nini mradi ukikwama. Hata kama Waziri ndiye wa mwisho kuamua, ombi la ardhi kurudi litakuwa limeandikwa na kusainiwa. Na siku hiyo hiyo, kabla daftari halijapelekwa wilayani, watu kadhaa wazipige picha kurasa zote kwa simu zao.